Nikeli au lithiamu kwa mashua na ndege za mfano?

SWALI: Mhariri, nina mashua ya mfano inayoongozwa kwa redio, ambayo hutumia betri za nikeli za kuchaji, na sasa naunda ndege. Mwenzangu ananihimiza niachane na nikeli kabisa, ninunue lithiamu polima kwa vyombo vyote viwili. Je, nimsikilize?

JIBU: Kwa ndege, msikilize. Kwa mashua, hakuna haja.

Seli moja ya nikeli na hidridi ya metali hutoa volti 1.2, ilhali ya lithiamu polima hutoa 3.7, hivyo kazi inayofanywa na seli tatu za lithiamu itahitaji seli tisa za nikeli, na uzito huo ndege ndogo haiuwezi. Mashua, kinyume chake, hutulia zaidi majini uzito ukikaa chini, karibu na mkuku. Unaponunua, tazama pia namba iliyoandikwa kabla ya herufi C, ambayo huzidishwa kwa ujazo wa pakiti ili kupata mkondo mkubwa zaidi inaoweza kutoa: pakiti ya miliampea-saa 2200 yenye alama ya 25C inadaiwa kutoa ampea 55, lakini kwa kuwa watengenezaji wengi hutia chumvi, mimi hupanga kutumia nusu tu.

Linalonitia wasiwasi hasa ni chaja yako. Chaja ya nikeli hutambua kwamba betri imejaa kwa kuona volti zikishuka kidogo; seli ya lithiamu haionyeshi dalili hiyo, kwa hiyo chaja itaendelea kuisukumia umeme kupita volti 4.2, na hapo inaweza kuwaka moto. Nunua chaja ya lithiamu, na usisahau kuchomeka ile plagi ndogo nyeupe yenye nyaya nyembamba, kwani ndiyo inayoiwezesha chaja kupima kila seli peke yake. Usiiache seli ishuke chini ya volti 3.0, na ukiiweka kwa wiki kadhaa, iache kwenye volti 3.8 hivi. Kabla ya kuchaji, pitisha kidole juu ya pakiti: ikiwa imevimba, hata kidogo, usiichaji tena wala usiitoboe.

Kwa rimoti, ikiwa inakubali volti zake, lithiamu ya fosfati ya chuma, yenye volti 3.2 kwa seli, ni tulivu zaidi na hudumu miaka mingi. Nikeli ya kadimiamu sikushauri, maana kadimiamu ni sumu. Kama unazo kuukuu, zipeleke kwa wanaorejeleza betri.