Jino la papa likivunjika linaota tena?

SWALI: Salaam mhariri. Mimi nauza samaki hapa Malindi, juzi kaletwa papa si mkubwa sana, kumfungua mdomo nikaona nyuma ya meno ya mbele kuna mengine yamelala safu kwa safu, yale ya ndani kabisa bado laini yamefunikwa na nyama. Mzee mmoja sokoni akaniambia kila safu ni mwaka mmoja wa umri wake. Kweli? Na likivunjika linaota tena?
Mama Samaki, Malindi

JIBU: Dadangu, mzee mpe shikamoo yake ila hiyo ya miaka hapana. Umri wa papa wataalamu wanaukisia kwa kuhesabu miviringo kwenye pingili za uti wa mgongo, sio meno. Hizo safu ni akiba. Jino la papa halina mzizi uliozama kwenye taya kama lako, limeshikwa na ufizi tu, na taya lenyewe ni gegedu, ile tishu ngumu inayopindika kama ya sikio lako, maana papa hana mfupa hata mmoja, kwa hiyo akiuma kitu kigumu linang'oka na yeye wala hajali.

Lile lililotoka halioti tena, linakuja jingine. Yanazaliwa huko ndani uliko ona nyama, yakiwa laini na yamelala, halafu ufizi wenyewe unayasogeza mbele pole pole huku yanakuwa magumu na kusimama, la mbele likidondoka la nyuma lishafika, foleni ya feri Likoni ila hii haikwami. Na jino likishaumbika haliongezeki ukubwa, so papa akikua yale mapya ndio yanakuja makubwa zaidi. Kuna papa wanaobadilisha jino la mbele kila siku 8 mpaka 10 hivi, maji yakipoa inachelewa, na wengine maisha yao yote wanaweza kumaliza meno hata 30,000. Kibogoyo utamtafuta sana! Kuna mmoja mdogo wa bahari kuu, huyo meno ya chini yanatoka yote kwa mpigo na anayameza.

Halafu ile ngozi inayokukwaruza ukipitisha mkono kutoka mkiani kwenda kichwani, hayo pia ni vijimeno, vimeumbwa vilevile na meno ya mdomoni, na vyenyewe pia vinadondoka vikaja vingine.