Uliza Fundi: Kabla hujanunua AC, panda darini

SWALI: Fundi, assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, nakaa Fuoni, Unguja, na mama yangu mwenye miaka 71 na watoto watatu. Nyumba ni ya matofali, vyumba vitatu na ukumbi, bati la rangi ya damu ya mzee, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Tangu Disemba mama halali. Ikifika saa nne usiku anachukua mkeka wake anakwenda barazani, na mimi namuogopea mbu, tena ana presha. Mapangaboi tunayo lakini yanatupa upepo wa moto. Kaka yangu aliyeko Maskati ametuma fedha za AC mbili, moja ya chumba cha mama na moja ya ukumbini. Umeme wa tukuza, huu wa kulipia kabla, wenyewe tayari unanishinda. Wewe ungefanya nini na fedha hizi? — Z. M., Fuoni

JAWABU: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya huo mkeka.

Mwaka 1989 nilipata kazi yangu ya kwanza ya maana. Nikaenda Wete, nikaiezua nyumba ya mama makuti yake, nikaiezeka mabati mapya. Majirani walikuja kupongeza. Kaskazi ilipoingia, mama akalibeba godoro lake la sufi akalipeleka jikoni, kile kibanda cha uani kilichobaki na makuti. Akasema anataka kulala karibu na kuku wake. Hakutaka kunivunja moyo. Mimi nilikuja kufahamu mwaka wa pili, nilipolala mwenyewe chini ya lile bati. Toka hapo, kila nyumba ninayoitwa kwa ajili ya joto, naanzia juu.

Basi kesho saa nane mchana panda juu ya kiti chumbani kwa mama. Weka kiganja kwenye dari, ukihesabu mpaka kumi. Kisha kiweke kwenye ukuta wa ndani, ule unaotenga vyumba viwili. Tofauti utakayoihisi mkononi ndiyo inayomtoa mama yako kitandani. Mwezi uliopita nilipanda darini kwenye nyumba moja ya Mpendae, bati lake kama lako, nikaacha kipimajoto humo kwa muda wa nusu saa. Kilisoma nyuzi 54. Nje, chini ya mwembe wao, kilisoma 32.

Bati la rangi nzito hulinywa jua, likapata moto, kisha likaumwaga ule moto chini juu ya mbao za dari. Dari nalo likishapata moto linamchoma aliyelala hata kama hewa ya chumbani si mbaya sana, kama vile unavyohisi joto la kaa ukipita mbali na seredani. Pangaboi halipozi hewa, kazi yake ni kukausha jasho mwilini. Sasa lako limetundikwa chini ya dari lenye moto, linaichota hewa ya pale juu na kumshushia mama. Ukifunga AC chumba hicho kabla ya kuligusa dari, itashindana na bati tangu mchana mpaka usiku wa manane, na mlipaji ni wewe.

Wala usidhani bati linalong'aa lisilopakwa rangi lingekuwa dawa. Bati tupu linarudisha sehemu ya jua, lakini lile joto linaloingia halilitoi upesi kama linavyolitoa bati lililopakwa rangi nyeupe. Ndiyo maana la mama yangu lilikuwa jipya kabisa na bado lilimkimbiza.

Kazi ya kwanza ni kulifanya dari lipumue. Mwambie fundi atoboe matundu makubwa kwenye kuta za pembetatu za paa, upande huu na upande wa pili, na aache mianya chini ya upenu ili hewa iingie chini itokee juu. Yote yafungwe wavu wa chuma usioshika kutu, maana popo, panya na kunguru wetu wanaijua nyumba mpya kabla ya mwenyewe kuhamia.

Ya pili ni ile karatasi ya rangi ya fedha ya kuwekwa chini ya mabati, mafundi tunaiita foili. Hapa naomba usimame juu ya kichwa cha fundi, kwa sababu nimeona kazi nyingi zimeharibika hapa hapa. Upande unaong'aa utazame chini, na kati yake na dari pabaki uwazi mtupu. Isigusane na bati, iache nafasi ya inchi moja. Wengi huitandaza juu ya mbao za dari, mng'aro ukitazama juu. Mwaka mmoja tu vumbi limeifunika, na foili yenye vumbi haina kazi tena. Umeme uzimwe kwenye swichi kubwa siku ya kazi, kwani foili inapitisha umeme na msumari ukitoboa waya humo darini unaweza kuua mtu. Kuna watakaokushauri kujaza makumbi ya nazi au sufi, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Mimi sikushauri. Panya watazaliana humo, na cheche moja ya waya mbovu inatosha.

Ya tatu ni rangi nyeupe ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati. Hii isubiri. Mvua za masika zinatufikia sasa, na rangi inayopakwa juu ya ukungu na unyevu itabambuka. Ngoja kusi, Juni au Julai, bati lisuguliwe kwa brashi na sabuni, penye kutu patiwe dawa, kisha zipigwe koti mbili asubuhi kabla bati halijapata moto. Kama mnakinga maji ya mvua, muulize muuzaji rangi isiyo na sumu, na mvua ya kwanza baada ya kupaka muiache imwagike.

Hukuniambia chumba cha mama kinatazama wapi. Nakisia ni magharibi, kwa vile anatoka saa nne usiku, si saa nane mchana. Ukuta wa tofali la inchi sita unapigwa na jua tangu saa tisa mpaka machweo, unaliweka lile joto tumboni, unalitoa ndani baada ya Isha. Hapa kwetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kwa hivyo linaloumia kwanza ni paa, kisha kuta za mashariki na magharibi. Za kaskazini na kusini zinapata kidogo. Mjengee ukuta huo kivuli kwa nje: upenu mpana, au chanja ya miti uupandishe mpesheni, nao hukua upesi. Pazia zito la ndani halitoshi, kwa sababu jua likishapita kwenye kioo limeshaingia. Liwekee dirisha kizuizi cha nje, hata kama ni jamvi la ukindu la kushusha na kupandisha.

Upepo sasa. Washa chetezo, tia udi, kiweke katikati ya chumba usiku milango yote ikiwa kama mnavyoiacha siku zote. Kaa kimya utazame moshi. Nilifanya hivi nyumba ile ya Mpendae: moshi ulipanda wima, ukagota darini, ukabaki unazunguka. Tulipofungua mlango wa chumba na dirisha la ukumbini upande wa pili, uliinama ukatoka kama mtu aliyeitwa. Upepo hauingii pasipo na pa kutokea. Dirisha la kusukuma, hata ulisukume vipi, hufunguka nusu tu. Kama fedha itabaki, badilisha hilo moja la mama liwe la kufunguka lote, na juu ya mlango wake toboa nafasi uweke matofali ya matundu. Wazee wetu walichonga nakshi za wazi juu ya milango ya ndani, na hewa ilipita hapo hata mlango ukiwa umefungwa. Wavu wa mbu usiuondoe kabisa, lakini utoe uuoshe. Vumbi la barabara za Fuoni likishaziba vitundu, hakipiti kitu.

Pangaboi la mama kama linazunguka kivivu, badilisha kapasita kabla ya kununua jipya. Ni kitu kidogo kinachoisaidia mota kuzunguka, kinauzwa Darajani na Mlandege, na fundi wa umeme haimchukui robo saa.

Kuhusu AC sikukatazi. Ila ifike mwisho, iwe moja, na iwe ya mama. Ya ukumbini sahau: watoto wanaingia na kutoka, mlango haufungiki, na hewa ya kwetu ni nzito kwa unyevu. Sehemu kubwa ya kazi ya AC hapa Unguja ni kuyatoa maji hewani. Tia ndoo chini ya bomba lake usiku mmoja uone inavyojaa. Kila mlango ukifunguliwa, unyevu mpya umeingia na kazi inaanza upya. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ikifanya kazi ya nguvu inakaribia kula yuniti moja kwa saa. Pangaboi la wati 70 likizunguka saa nane zote za usiku halifiki hata yuniti nzima, ni kiasi cha nusu tu. Hesabu mwenyewe AC mbili chini ya dari la nyuzi 54.

Chumba cha mama kikishapozwa juu na kutiwa kivuli, invata (AC inayopunguza mwendo chumba kikishapoa) ya BTU 9,000 itamtosha, iwekwe nyuzi 26 na pangaboi lizunguke polepole. Usiku wa AC funga kila mwanya, mpaka chini ya mlango. Iwe na waya wake peke yake, wa milimita za mraba 2.5, na saketi breka yake, na ethi iliyochimbiwa kweli ardhini. Usikubali ichomekwe kwenye soketi ya pasi.

Nasisitiza kuanza na paa na upepo kwa jambo jingine tena. Disemba 2009 njia ya umeme inayotuvukia kwa chini ya bahari iliharibika, na Unguja tukakaa gizani mpaka Machi 2010, kaskazi nzima. Nilikuwa na wateja waliojenga vyumba vya vioo visivyofunguka kwa kutegemea AC. Walihama nyumba zao wakaenda kulala kwa jamaa zao wa shamba. Waya mpya umeshawekwa tangu 2013, alhamdulillahi, lakini umeme bado hukatika, na mzee wa miaka 71 hawezi kusubiri urudi.

Kuhusu presha: muulize daktari wake juu ya dawa anazokunywa wakati wa joto. Zipo zinazomtoa mtu maji mwilini, na joto likiongeza hapo anaweza kupata kizunguzungu akiinuka usiku kwenda msalani. Awekewe maji karibu.

Na kaka yako mwambie wazi kwamba fedha zake hazijapotea. Mpelekee picha ya dari kabla na baada.

SWALI: Fundi, tunaishi ghorofa ya juu ya nyumba kongwe Kiponda. Kuta zimepigwa saruji na rangi ya mafuta, zinabambuka kila mwaka na chumba kina fukuto. Tunataka kutoboa ukuta wa barabarani tufunge AC. — Familia ya Kiponda

JAWABU: Msitoboe kwanza. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mtambo wa nje hautundikwi upande wa barabara bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Nyumba yenu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wa karibu nusu mita. Ukuta huo hunywa unyevu na kuutoa. Saruji na rangi ya mafuta zimeufunga mdomo, maji na chumvi vinatafuta pa kutokea, na ndiyo hayo mabambuko. Ibanduliwe saruji, ukuta uachwe ukauke miezi kadhaa, kisha upigwe lipu ya chokaa na kupakwa chokaa nyeupe. Chungulieni na juu: nyumba nyingi za mji zilikuwa na sakafu bapa ya chokaa juu, bati likaja baadaye. Kama ile sakafu ipo, msikubali fundi yeyote aivunje kupunguza uzito bila mtaalamu kuiona, kwani ndiyo inayowakinga na bati. Madirisha ya mbao yafungwe jua likiwa kali, yafunguliwe wazi baada ya Magharibi.

SWALI: Friji letu halizimi mchana wala usiku, na yuniti zinakwisha mbio. Ni la miaka 9. Tulitupe? — Msomaji, Chake Chake

JAWABU: Lipimeni. Andikeni namba ya mita kabla ya kulala, zimeni kila kitu isipokuwa friji, isomeni tena mkiamka alfajiri. Kama limekula zaidi ya yuniti moja usiku mmoja, lina ugonjwa. Bana karatasi kwenye mlango kisha uivute: ikitoka bila kugoma, raba imechoka, na raba hubadilishwa. Livuteni liachane na ukuta kwa upana wa kiganja, mfagie vumbi la nyuma, na lisikae jirani na jiko. Halafu jazeni chupa za maji kwenye nafasi tupu za friza. Zikishaganda zitailinda nyama umeme ukikatika, na kompresa haitahangaika kila mlango unapofunguliwa.