Jibu: Wasomaji wa kwanza wameipenda riwaya yangu ya kutisha, nitangazeje?

Hongera sana, ndugu mwandishi. Kama nimekuelewa, waliosoma nakala za awali wanakwambia wamelala taa zikiwaka, nawe unataka kutangaza bila kuonekana unajisifu wala kufichua mwisho.

Furahi hadharani, hakuna ubaya. Ila ujumbe uliotumwa faraghani ni wa aliyeuandika: omba ruhusa kabla ya kuunukuu, na uulize kama jina lake litajwe. Ukifupisha, usigeuze maana. "Inatisha, lakini katikati inachosha" haiwezi kuwa "Inatisha!"

Chagua maoni yanayoeleza msomaji alivyojisikia, siyo yanayotaja kilichomo ndani ya kile chumba cha kutisha katika riwaya yako. Hofu ikishaelezwa imekufa nusu. Na yule aliyesema hakuogopa hata kidogo? Mshukuru, usibishane naye. Akikutajia ukurasa uliomchosha, hapo kuna kazi kabla kitabu hakijachapwa.

Jihadhari: usiwaombe ndugu na marafiki wa karibu waandike maoni kwenye duka la mtandaoni la Amazon. Masharti ya duka hilo yanakataza, na maoni ya kulipiwa vilevile. Kugawa nakala za bure kunaruhusiwa, mradi humdai mtu sifa. Kama una mkataba na mchapishaji, muulize kwanza ni lini unaruhusiwa kuanza kunukuu.