Kilindini ilichimbwa na mto

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mtongwe ni wazima, na mama yako anauliza kama ile halua ilikufikia.

Juzi simu ilikatika kabla sijakujibu. Uliniuliza: "Baba, kama Kilindini ni bandari ya asili, mbona kila baada ya muda inachimbwa?" Ukasema wenzako kazini huko Doha hawakuelewa neno hilo "asili", kwa sababu Bandari ya Hamad wanayoijua wao, bwawa lake lilichimbwa kwenye nchi kavu. Nimeshika usukani wa boti ya marubani, wale wanaoongoza meli kuingia bandarini, miaka 28, na swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimelala nalo siku mbili.

Anza na jina lenyewe. Kilindi ni mahali penye maji marefu. Waliokaa upande ule wa kisiwa cha Mombasa waliitwa Wakilindini, mojawapo ya Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, kabla Mwingereza hajaja kututawala. Nguzo ya Mbaraki ya zamani bado imesimama pale juu ya maji. Kina kilikuwapo, jina likakifuata.

Aliyechimba ni mto. Miaka kama 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kali, maji mengi yakaganda kuwa barafu, na bahari ikashuka chini ya ilipo leo kwa mita 120 hivi. Mto Mwache na wenzake haikuishia kwenye hori la Port Reitz, mkono wa bahari ulioingia bara, kama sasa. Iliifuata bahari huko chini ilikokimbilia, na njiani ikalikata lile jiwe la matumbawe ambalo kisiwa chetu kimekaa juu yake. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikarudi ikayajaza mabonde. Upande mmoja ukawa Kilindini na Port Reitz, upande wa pili hori la Tudor, na Mvita, yaani kisiwa chetu cha Mombasa, ikabaki katikati. Ukivuka Likoni kwa feri, chini yako ni bonde la mto lililozama.

Mlango wa kuingilia nao ni kazi ya mto. Mwamba wa matumbawe umefuata pwani yetu kama ukuta, lakini matumbawe hayapendi maji yasiyo na chumvi wala tope, kwa hiyo mbele ya mito ukuta hukatika. Ndiyo maana meli hupata pa kupita pale mbele ya Ras Serani. Ukishaingia, njia hugawanyika: mkono wa kulia unapita chini ya Fort Jesus kwenda Bandari ya Kale, wa kushoto unakuja kwetu.

Karne na karne watu walifuata mkono wa kulia. Mji ulikuwa huko, na majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi na kurudi na wa kusi hayakuhitaji maji mengi. Lakini njia ile ni nyembamba. Manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama hapo chini ya ngome mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira, na mabaki yake yako huko hadi leo. Meli za moshi zilipokuja, ndefu na nzito, zilikosa pa kugeukia. Reli ilipoanza mwaka 1896 ilianzia upande wa Kilindini, na gati za maji marefu zikajengwa huko miaka ya 1920. Waambie wenzako pia kwamba mwaka 1942 kundi zima la manowari za Kiingereza lilihamia humu baada ya Wajapani kulishambulia kule Ceylon, Sri Lanka ya leo. Halikungoja mtu achimbe kwanza.

Sasa nije kwenye kuchimba. Kuna kuchimba kwa namna mbili, na watu huzichanganya. Moja ni kwa sababu meli zimekua. Mwaka 2012 njia ya meli ilichimbwa hadi kina cha mita 15 ili meli kubwa za makontena ziingie. Hilo silinung'unikii sana, ingawa wavuvi wa huku waliona maji yakichafuka miezi kadhaa na nyavu zikirudi tupu. Namna ya pili ndiyo inayoniuma: kuchimba tope ambalo halikupaswa kufika.

Unakumbuka nilipokuchukua kwa mtumbwi, una miaka 9, tukaingia ndani ya mikoko ya Port Reitz maji yakiwa yanajaa? Ulishika shina la mlilana ukaniuliza mbona umesimama mbele peke yake. Nikakuonyesha: mlilana mbele unapokea mawimbi, nyuma yake mkoko kwenye miguu yake iliyopinda, kisha mkandaa, na mchu huko juu karibu na nchi kavu, umeotesha vijiti vya kupumulia kama penseli zilizochomekwa kwenye tope. Ulivihesabu ukachoka. Mto ukishuka na udongo wa mashamba, maji yakiingia kwenye msitu ule hupoteza kasi, na tope hutua hapo badala ya kuteremka hadi kwenye gati. Kamba wadogo na tafi hulelewa humo humo kabla ya kutoka baharini. Na maji yanayojaa ndani ya mahori yale, yanapopwa, hutoka yote kwa pamoja kupitia Likoni. Mkondo ule wa nguvu unaowahangaisha manahodha wa feri ndio unaosafisha njia. Ukikata mikoko na kufukia kingo, unapunguza maji yanayotoka, na njia inapoteza mfagio wake.

Lakini msitu nao una kiasi chake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye hori la Mwache hata vile vijiti vya kupumulia vikafukiwa. Nilipita huko baadaye. Miti ilikuwa imekufa ikiwa imesimama, mieupe, haina jani, na chini tope limekuwa gumu kama sakafu. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kwamba ardhi ya Kwale, unakopita mto Mwache, kumomonyoka ni shida ya wakulima wa Kwale, humwambia aende akaone Mwache.

Makupa ndiyo ilinitia huzuni kuliko kote. Barabara ya kuunganisha kisiwa na bara ilijengwa kwa kujaza kifusi, ikaziba maji kati ya Tudor na Port Reitz. Maji ya hori yakatuama. Kando yake likaja jaa la Kibarani, na mwaka 1988 mafuta mazito yakamwagika, mikoko ikafa. Nyinyi watoto mlikuwa mkiziba pua matatu ikipita pale, mkidhani ndivyo bahari inavyonuka.

Jaa limeondolewa sasa, na tangu mwaka 2022 pana daraja pale badala ya kifusi. Mwezi uliopita, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, nilishuka Makupa nikasimama ukingoni maji yakianza kupwa. Kwanza hakuna kitu. Halafu mfuko mmoja wa plastiki uliokuwa umelala juu ya maji ukaanza kujongea, polepole, ukapita chini ya daraja ukaenda zake. Nyuma yake yakafuata majani makavu, na mbegu moja ndefu ya mkoko ikielea wima. Nilisimama hadi shingo ikauma.

Ukipanga likizo, tazama mwezi kwanza. Njoo mwezi ukiwa mchanga au umejaa, bamvua iwe na nguvu, tuchukue mtumbwi wa ami yako alfajiri tuingie hadi Mwache. Nataka nione kama ile miche iliyoanza kuota kando ya ile miti mieupe imefika kiunoni. Inshallah.

Babako