Pampu ya sola Kisauni: hesabu visima vya jirani kwanza

Ndugu uliyeuliza kama ufunge pampu kubwa ya sola shambani kwako Kisauni, Mombasa, kwa kuwa jua ni la bure, nakusihi usubiri.

Nalima mchicha, kunde na bamia Utange, huko huko Kisauni. Enzi za pampu ya petroli nilivuta masaa mawili tu kwa siku, maana kila lita ilitoka mfukoni. Nilipoweka paneli, mota ikawa inanguruma toka asubuhi hadi magharibi. Jirani zangu watatu nao wakaweka, na siwalaumu: ukijibana, maji uliyoyaacha atayavuta mwenzio, basi kila mtu huharakisha.

Kaskazi iliyofuata majani ya kunde yakaanza kuungua ncha. Nikadhani ugonjwa, nikanunua dawa bure. Siku moja mama anayechukua mboga kwangu akakwaruza tuta kwa kidole, akanionyesha unga mweupe. "Mwanangu, hii chumvi." Nikaonja maji ya kisima: yamekolea kama ya kupikia wali.

Huku chini ni mawe ya matumbawe, yana vitundu, bahari inapita. Kisima changu hupanda na kushuka na bamvua. Maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya ya chumvi, na kwa hesabu ya wataalamu kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukishusha maji matamu nusu mita, chumvi hatimaye hupanda mita 20 hivi. Mmoja wetu alichimba zaidi, akaifuata chumvi iliko. Pesa za msimu mzima zikaishia humo, na maji yake leo hata sabuni haitoi povu.

Tulikaa chini ya mwembe jioni tatu, kwa maneno makali. Tukapanga zamu, wawili asubuhi, wawili alasiri. Mota tukaziinua karibu na uso wa maji. Kila mtu akafunga mita ya kupimia maji anayovuta, nazo husomwa Ijumaa baada ya sala mbele ya wote. Hiyo mita ndiyo iliyotutuliza, kwani awali kila mmoja aliamini mwenzake anamwibia. Anayezidisha hulipa mfuko wa pamoja, na kwa pesa hizo tulinunua mipira ya kumwagilia kwa matone.

Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi 2009, alianzia hapo hapo. Utafiti wake wa 1965 ulihusu visima vya pwani ya Los Angeles vilivyoingiwa na bahari, na jinsi wavutaji walivyokubaliana kupunguza.

Kibali cha WRA, mamlaka ya Kenya ya rasilimali za maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016 kitafute, lakini hakitakaa kisimani kukulindia zamu.

Kabla hujalipa fundi, zunguka uhesabu visima vilivyo karibu nawe, uonje kila kimoja, hasa Februari. Uniletee idadi na kina hapa, nikusaidie kupima ukubwa wa mota.