Mvulana aliyeshindwa kushika penseli

Muheza, Jumapili usiku

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama mlangoni kwa sababu umeme ulikatika.

Unasema kwenye shule ya nne ya utafiti wenu wa kupima kusoma, kuandika na kuhesabu ulimpata mvulana wa darasa la tatu. Ulimpa aya akaisoma bila kukwama, tena kwa mbwembwe. Ulipompa penseli aandike imla, hakuweza kuishika. Viganja vyote viwili vina vidonda vya moto. Akakwambia baba mkubwa wake anayemlea alimshikisha sufuria iliyotoka jikoni, kwa ajili ya shilingi mia tano iliyopotea. Halafu akasema, "Dada, usimwambie mtu." Nawe asubuhi ile ulikuwa umemsomea fomu yenu ya ridhaa: majibu yako yote yatabaki siri. Unaniuliza: ukisema, je, utakuwa umevunja neno lako?

Sema. Kesho, kabla hamjaenda shule ya tano.

Siri mliyomwahidi ni kwamba jina lake halitaonekana kwenye ripoti, wala mwalimu wake hataonyeshwa alama zake. Hukumwahidi kumlinda baba mkubwa. Kosa liko kwenye fomu, iliyosema "yote" bila kuweka mpaka. Ilitakiwa mtoto asikie mwanzoni kabisa, kwa Kiswahili chepesi: yatabaki kati yetu, isipokuwa ukiniambia kuna mtu anakuumiza, hapo nitatafuta wa kukusaidia. Akishajua hivyo, anaamua mwenyewe aseme au anyamaze. Waambie wakubwa wako wairekebishe, na wasikwambie kwamba kibali cha utafiti kilishatoka.

Wala si jambo geni. Ule utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, Bara na Visiwani. Maeneo ya kuhoji wasichana yalitengwa na ya kuhoji wavulana, ili aliyeumizwa na aliyemuumiza wasije wakaulizwa maswali yaleyale kijiji kimoja. Na mpango wa nani atampokea kijana anayehitaji msaada uliandaliwa mapema. Karibu robo tatu ya waliohojiwa walisema walipigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kutimiza miaka 18. Sasa ninyi mnapima kusoma, kuandika na kuhesabu, mkadhani mambo hayo hayawahusu. Mtoto hachagui dodoso la kumwaga yake. Anamchagua mtu aliyekaa naye chini akamsikiliza dakika ishirini, na huenda wewe ni wa kwanza mwaka huu.

Kuhusu sheria usiwe na wasiwasi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lile, yaani halmashauri. Haijasema isipokuwa watafiti. Na atakayekuambia mzazi ana haki ya kumrudi mtoto kwa adhabu, mwambie sheria hiyohiyo imekataa adhabu iliyopita kiasi. Sufuria ya moto si kumrudi mtoto.

Ila namna ya kusema ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa sababu mimi niliwahi kusema vibaya.

Mwaka wangu wa pili nikiwa afisa ustawi wa jamii, wilaya sitaitaja, mwalimu mmoja alinijia na habari za binti anayepigwa nyumbani. Damu yangu ilikuwa ya moto kama yako. Nikachukua gari la ofisi na mgambo wawili, tukaingia kijijini saa sita mchana. Watoto walilikimbilia gari, majirani wakatoka na mitandio mabegani. Mlezi wake akatupokea kwa tabasamu, akatuletea viti. Binti nikamhoji palepale uani, yule mama anasikia. Akasema hapigwi. Sikuwa na pa kumlaza usiku ule, na mafuta ya kurudi kesho yake hayakuwepo. Tukaaga. Wiki mbili baadaye mwalimu akaniambia binti kaacha shule, kapelekwa kwa ndugu mkoa mwingine. Nilimtafuta. Sikumpata. Hadi leo nikiona gari jeupe la serikali nje ya nyumba ya mtu, naangalia kwanza nani anachungulia.

Kwa hiyo usiende nyumbani kwao. Usiliseme kwenye chumba cha walimu wakati wa chai. Mwenyekiti wa kitongoji pia usianze naye, kwani hujui anakula meza moja na nani. Nenda moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Usipompata, piga 116, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Swali lako la kwanza kwa afisa liwe hili: ukishaenda nyumbani kwao, usiku huo mtoto atalala wapi? Kuna familia za kuaminika zilizoandaliwa kumpokea mtoto kwa siku chache. Kama wilaya ile hazipo, ajue hilo kabla hajawasha gari. La pili ni vile vidonda, vioneke hospitali.

Mvulana mwenyewe umrudie. Mwambie utamwambia mtu mmoja, ni nani, na kwa nini. Usimwombe ruhusa, maana akikataa utafanyaje? Na usimwahidi kwamba baba mkubwa hatajua. Atajua. Usimhoji tena, atahojiwa vya kutosha na wenye kazi hiyo. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, tarehe na saa, ukabidhi. Picha za viganja vyake kwenye simu yako, hapana.

Halafu kuna jambo ambalo hukuniuliza. Kwenye jedwali lenu umemjaza nini? Kama umeweka sifuri kwenye kuandika, mtoto huyo anaenda Dar es Salaam akiwa hajui kuandika, na mtu atakuja kuwalaumu walimu wake kwa hilo. Rudi ujaze kwamba hakupimwa.

Afisa anaweza akakwambia hana usafiri. Hatakuwa anasingizia. Nimewahi kudandia gari la chanjo na kesi tatu mkobani. Muulize kama gari la mradi wenu linaweza kumbeba, na wakubwa wako wakinung'unika kuhusu mafuta, nipe namba zao.

Nipigie ukishaonana naye, hata kama ni usiku. Koti lako la mvua nimelituma na basi la asubuhi, utalikuta kwa wakala stendi.

Mama yako