Umerithi saksafoni ya zamani? Anza na pedi, siyo king'arisho

Nilipoachiwa saksafoni ya alto ya marehemu babu, kila aliyeiona alinishauri niisugue ing'ae. Nakuomba usifanye hivyo. Laka (vanishi ya juu) iliyofifia haiharibu sauti hata kidogo, lakini saksafoni iliyosuguliwa kwa mashine na kupakwa laka mpya hupoteza nakshi zake na hushuka thamani. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Kwanza jua umeachiwa nini. Geuza mgongo wa saksafoni, utafute namba karibu na mahali pa kidole gumba cha kulia. Kwenye nyingi za Marekani za mwanzoni mwa karne ya 20 utakuta pia herufi. "L" au "LP" ni habari njema: ilitengenezwa kwa kipimo cha sauti ambapo noti ya A ni hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), kinachotumika hadi leo. "H" au "HP" ni kipimo cha juu cha zamani, karibu hezi 457, na hiyo haitapatana na piano wala bendi hata ukiwa na sikio zuri namna gani. Itunze kama kumbukumbu, ujifunzie nyingine.

Baada ya hapo, pedi, yaani vifuniko vya ngozi vinavyoziba matundu ya saksafoni. Hapa ndipo watu hukata tamaa bure. Ngozi ya pedi hukakamaa na kupasuka, hewa ikavuja, na mpigaji akadhani hana pumzi. Yangu ilitoa noti za juu vizuri, ila za chini zilikoroma au zikaruka juu zenyewe. Fundi alizima taa za chumba, akateremsha kijitaa ndani ya bomba, akawa anafunga pedi moja baada ya nyingine. Kwenye pedi ya noti ya G diezi mwanga ulipenya pembeni, mwembamba kama uzi. Uwazi ule mdogo ndio uliokuwa ukiziua noti zote za chini yake. Ukiipeleka kwa fundi, taka akuonyeshe kwa macho yako namna hiyo, kisha akutajie gharama kabla hajagusa kitu. Kubadilisha pedi zote kunaweza kuzidi bei ya saksafoni yenyewe; mimi nililipa, na ningelipa tena.

Usitupe mdomo wake wa kupulizia. Midomo ya zamani ina uwazi mpana ndani, na saksafoni hizi zilipimwa kwa midomo hiyo. Mdomo wa kisasa mwembamba unaweza kuvuruga ulinganifu wa noti. Uoshe kwa maji baridi, maana ya moto hubadilisha rangi ya ebonaiti (mpira mgumu wa mdomo huo). Weka mwanzi mpya, kile kijiti bapa kinachotetemeka kwenye mdomo, wa ugumu namba 2 au 2.5, upige noti ndefu za chini kila siku. Vitufe vya kidole kidogo cha kushoto vitakuwa vizito kuliko vya kisasa. Kidole huzoea.

Sanduku likinuka ukungu, nunua jingine. Ukungu ule utahamia kwenye pedi mpya ulizolipia.